Ruzuku Ndogo za Bahari katika Mombasa Bara

Ruzuku ndogo ya bahari ni fedha anazopewa mtafiti mmoja, kikundi cha wavuvi, shule au shirika la kijamii ili afanye kazi moja yenye mipaka: kuhesabu miche ya mikoko iliyoshika, kupima samaki wanaoshushwa dikoni, kujaribu mtego wa aina mpya, au kuwafundisha watoto wa shule jinsi mwamba wa bahari unavyoishi. Fedha hizi hazirudishwi kama mkopo, lakini si zawadi pia. Anayezipokea huwa ameahidi kwa maandishi atafanya nini, kwa muda gani, na mwishoni ataonyesha nini. Kiasi chake huanzia dola elfu chache hadi dola 50,000, ambazo kwa viwango vya karibuni vya kubadilisha fedha ni kama shilingi milioni sita na nusu za Kenya. Muda wake kwa kawaida ni mwaka mmoja au miwili.

Fedha za kiasi hicho hazinunui meli wala hazijengi maabara. Meli ya utafiti iitwayo Mtafiti, inayotia nanga Mombasa, ilitoka Ubelgiji, ambako ilijulikana kwa jina la Zeeleeuw, na ilikuja kwa makubaliano ya serikali na serikali. Ruzuku ndogo hununua vitu vya kadiri nyingine kabisa: petroli ya mashua, kodi ya mtumbwi kwa siku ishirini, miwani ya kuzamia, kamba ya kupimia, daftari lisiloharibika likilowa, ada ya kuvusha gari kwa feri na posho ya mvuvi aliyeacha kwenda baharini siku hiyo ili amwongoze mtafiti. Zaidi ya vyote hununua muda. Mtu hupata nafasi ya kukaa mahali pamoja, mwezi baada ya mwezi, na kuangalia jambo moja mpaka alielewe.

Mombasa Bara ina mambo mengi yanayohitaji kuangaliwa kwa namna hiyo. Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji yanayoingia ndani sana ya nchi kavu. Upande wa kaskazini ni hori la Tudor, ambalo kingo zake zinagusa Kisauni na Jomvu. Upande wa kusini na magharibi ni Kilindini, inayopanuka kuwa Port Reitz chini ya Changamwe, na mkono wake mmoja ukapanda hadi Mwache. Ng'ambo ya feri ni Likoni, pamoja na Mtongwe na wavuvi wake. Ndani ya maji haya kuna bandari, viwanda, matangi ya mafuta, mifereji ya maji machafu, mitumbwi, mitego ya malema na mikoko, vyote vikitumia maji yale yale yanayojaa na kupwa mara mbili kila siku.

Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko, uliotungwa kwa kipindi cha 2017 hadi 2027, unaipa kaunti ya Mombasa hekta 3,771 za mikoko kati ya hekta 61,271 za nchi nzima. Ni kidogo ukilinganisha na Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini ni mikoko ya mjini, na mikoko ya mjini ndiyo inayoumia kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ukilinganisha picha zilizopigwa kutoka juu kati ya 1992 na 2009, ulionyesha kwamba hori la Tudor lilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake, na Mwache karibu nusu. Sababu zilizotajwa ni ukataji pamoja na udongo ulioletwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998, uliofunika mizizi ya kupumulia mpaka miti ikafa imesimama. Aprili 2005 meli ya mafuta ilivuja Kilindini, na mafuta yakaingia katika mikoko ya Port Reitz. Mambo ya aina hii hayaonekani vizuri kutoka Nairobi. Huonekana na mtu anayepita pale kila juma akiwa na daftari.

Utafiti wa bahari katika Afrika Mashariki ulianza kama kazi ya serikali za kikoloni. Shirika la pamoja la utafiti wa uvuvi wa baharini lilikuwa na makao Zanzibar, na liliendelea chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977. Kenya ikaunda taasisi yake, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, mwaka 1979. Makao makuu yake yako Mkomani, kwenye ukingo wa maji unaotazamana na Mji wa Kale, katika eneo lililokuwa Kisauni kabla Nyali haijawa eneo bunge lake. Kwa muda mrefu, mwanafunzi wa bahari aliyetaka kitabu, darubini au mtu wa kumwelekeza alikuwa na mlango huo mmoja wa kubisha, na fedha zilizokuja zilikuja kwa taasisi nzima, si kwa mtu mmoja mwenye swali lake.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1990. Mwaka 1992 Mfuko wa Mazingira Duniani ulianzisha Programu ya Ruzuku Ndogo, inayoendeshwa kupitia shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizoingia mapema. Mwaka 1993 wanasayansi wa nchi za ukanda huu, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa vya Komoro, Madagaska, Ushelisheli, Morisi na Réunion, waliunda jumuiya yao ya sayansi ya bahari, WIOMSA, yenye makao Zanzibar. Jumuiya hiyo ilipata msaada mkubwa wa Uswidi na kufungua milango miwili ya fedha. Mmoja ni MASMA, ulioanza mwaka 2000, kwa miradi mikubwa kiasi inayounganisha taasisi za nchi mbalimbali ili sayansi isaidie usimamizi wa pwani. Mwingine ni MARG, unaotoa kiasi kidogo kwa mtafiti mmoja mmoja, na sehemu yake ikilipia safari za kwenda kwenye mikutano na mafunzo. Wengi wa watafiti wa Kenya ambao leo wana majina makubwa walianza na fedha za aina hiyo, dola elfu chache zilizowatoa ofisini na kuwapeleka kwenye matope. Kongamano kuu la WIOMSA lilipofanyika Mombasa mwaka 2011, na tena 2025, mwanafunzi wa Likoni aliweza kufika kwa feri na matatu mahali ambapo mwenzake wa Maputo au Antananarivo alihitaji tiketi ya ndege.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilitokea jambo lililowafanya wafadhili waamini kwamba pwani hii inahitaji macho ya kudumu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka, na katika sehemu nyingi za Kenya mengi yakafa. Mwaka uliofuata ilianzishwa programu ya utafiti wa matumbawe, CORDIO, ili kufuatilia madhara yake, na tawi la Afrika Mashariki likaweka ofisi Bamburi, hatua chache kutoka ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Mwanzilishi wake, David Obura, alichaguliwa mwaka 2023 kuongoza jopo la kimataifa la sayansi ya bioanuwai, IPBES. Hivyo Kisauni ya zamani ina taasisi mbili za utafiti wa bahari ndani ya kilomita chache. Likoni na Changamwe hazina hata moja, na tofauti hiyo inaonekana wakati wa kuomba fedha. Anayeishi karibu na Mkomani husikia habari za mwito wa maombi kwa jirani. Mvuvi wa Mtongwe huzisikia siku ya mwisho imeshapita.

Milango mingine iko mbali zaidi. Shirika la IFS la Stockholm, lililoanzishwa mwaka 1972, liliwapa kwa miaka mingi wanasayansi vijana wa nchi zinazoendelea ruzuku za hadi dola 12,000 kwa kila mtu. Rufford ya Uingereza hutoa paundi elfu chache kwa anayeanza kazi ya uhifadhi, na akifanya vizuri humruhusu kurudi kuomba hatua ya pili. Ndani ya nchi, sheria ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Marekani ina mfumo wake wa Sea Grant tangu mwaka 1966, ambao unastahili kutajwa kwa sababu ya wazo lililouzaa: chuo kikuu kinachopata fedha za bahari kiwe na watu wanaokwenda kukaa na wavuvi na kuwapelekea matokeo, kama mabwana shamba walivyokuwa wakienda kwa wakulima. Pwani ya Kenya haina mfumo wa namna hiyo. Kazi ambayo Wamarekani waliiweka katika sheria, hapa hufanywa na ruzuku ndogo moja moja, kila moja kwa muda wake.

Kwa wakazi wa kawaida wa pwani, jina lililosikika zaidi ni Hazina ya Maendeleo ya Pwani. Huu ulikuwa mfuko wa ruzuku kwa jamii ndani ya mradi wa maendeleo ya pwani ya Kenya uliogharamiwa na Benki ya Dunia kuanzia 2011 hadi 2017, na KMFRI ndiyo iliyouratibu. Kuuita kwa Kiswahili tangu mwanzo lilikuwa jambo jema, kwa sababu mtu wa kijijini alijua ni nini bila kusubiri kutafsiriwa. Mwaka 2020 ulifuata mradi mwingine wa Benki ya Dunia, KEMFSED, uliopitisha sehemu ya fedha zake kwa vikundi vya uvuvi na vya kujikimu katika kaunti tano za pwani, Mombasa ikiwemo. Fedha hizi mara nyingi ni za kuinua kipato, si za utafiti. Hata hivyo mpaka baina ya mambo hayo mawili ni mwembamba, na miradi iliyofaulu zaidi ni ile iliyotia mguu pande zote mbili.

Mfano mzuri ni ufugaji wa mwatiko na kaa. Majaoni, upande wa Shanzu kando ya hori la Mtwapa, vijana walichimba mabwawa nyuma ya mikoko na kuanza kufuga samaki wa maji ya chumvi. Ilionekana kama biashara tu, lakini kila hatua ilizaa swali la kisayansi. Vifaranga vya mwatiko vilikuwa vikikusanywa baharini, katika madimbwi yanayobaki maji ya bamvua yakipwa. Vinapatikana kwa wingi miezi gani? Bwawa lichukue vingapi bila samaki kudumaa? Kaa wa mikokoni hulana wenyewe kwa wenyewe wakiwekwa pamoja. Je, wafugwe katika vizimba vya peke yao? Walishwe nini, na kwa gharama gani? Watafiti wa KMFRI walifanya majaribio hayo pamoja na vikundi vya aina hiyo kutoka Kwale hadi Kilifi, na majibu yaliyopatikana yalichapishwa katika majarida ya sayansi. Kikundi kilipata bwawa, na mtafiti akapata takwimu ambazo asingezipata katika tangi la maabara, kwa sababu tangi halina mwizi, halina kenge wala halifurikwi na maji ya bamvua.

Mfano wa pili ni wa malema. Lema ni mtego wa kusuka unaotegwa mwambani, na tatizo lake ni kwamba hushika kila kinachoingia, hata watoto wa samaki ambao mama karanga, mwanamke anayekaanga samaki wa kuuza, hawezi kuwauza kwa bei ya maana. Watafiti wa pwani ya Kenya walijaribu kuweka katika pembe za lema nafasi nyembamba, za upana wa sentimita chache, ili wadogo wapite na kutoka. Wavuvi walikuwa na sababu ya kuwa na shaka: nani ataacha samaki aliyekwisha ingia mtegoni atoke? Jibu lilihitaji kupatikana kwa mizani. Malema ya kawaida na malema yenye nafasi yalitegwa katika maji yale yale, samaki wakapimwa, bei zikaandikwa. Ilionekana kwamba malema yenye nafasi yalipunguza samaki wachanga na yakashika wakubwa zaidi, na mapato ya mvuvi hayakushuka, yalipanda. Jaribio kama hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji wavuvi wanaokubali kuandika ukweli na mtafiti anayeamka kabla ya alfajiri ili awe dikoni mitumbwi ikirudi, kabla ya tajiri anayewanunua kuwachukua samaki.

Takataka za plastiki nazo zimekuwa uwanja mpya wa fedha hizi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na mwaka 2020 ikazuia plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, fuo zake zikiwemo. Ili kujua kama sheria imebadilisha chochote, lazima mtu ahesabu. Mkomani ni miongoni mwa fuo zilizopimwa: eneo la urefu uliowekwa hufagiliwa, kila kipande huokotwa, hutengwa kwa aina yake, huhesabiwa na kupimwa uzito, kisha kazi hurudiwa. Kazi hii ina faida nyingine kwa upande wa elimu, kwa kuwa mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuifanya sawasawa na mwenye shahada. Mtoto aliyehesabu kwa mkono wake vifuniko mia tatu vya chupa katika mita hamsini za ufuo hahitaji kuelezwa tena tatizo ni nini.

Elimu ya bahari kwa watoto ndiyo inayopata fedha kidogo kuliko zote, na hilo ni kosa. Zipo shule za Changamwe ambazo kutoka uwanjani mwao maji ya Port Reitz yanaonekana, lakini watoto wengi hawajawahi kuvaa miwani ya kuzamia na kutazama chini ya maji. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, iko mbele ya fuo za Nyali na Bamburi, ambako watalii kutoka Ulaya hupelekwa kila siku kwa mashua zenye sakafu ya kioo. Darasa moja linahitaji basi, mashua mbili, jaketi za kuokolea, mlinzi anayejua kuogelea na barua za ruhusa za wazazi. Shilingi laki moja au mbili zinatosha kulifikisha darasa moja baharini na kulirudisha salama. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya, vilivyoanza mwaka 1968, vimewapeleka watoto wengi kuona ndovu. Wale walioona tumbawe lililo hai umbali wa kilomita kumi kutoka kwao ni wachache mno.

Njia ya kuzipata fedha hizi huanza na kikundi kinachotambulika kisheria. Kikundi cha kijamii husajiliwa chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, kikiwa na katiba, viongozi na akaunti ya benki yenye sahihi zaidi ya moja. Wavuvi kwa kawaida huwa katika BMU, kamati za kusimamia fuo zilizowekewa kanuni mwaka 2007, na mtafiti anayetaka kupima samaki bila kupitia BMU hujikuta akijibiwa kwa upole na kupewa takwimu za uongo. Wanaoshughulikia mikoko hupitia kwa mamlaka ya misitu, KFS, kwa kuwa mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la mwaka 1932. Hata kupanda mche kuna taratibu zake. Mtafiti naye anahitaji leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na akitaka kuingia katika hifadhi ya bahari, idhini ya KWS. Kila karatasi ina wiki zake. Asiyezihesabu wiki hizo katika mpango wake huanza kazi wakati robo ya muda imekwisha.

Andiko la mradi lenyewe ndilo linalowaangusha wengi. Wafadhili huliomba kwa Kiingereza, kwa kurasa kadhaa, pamoja na jedwali la bajeti na malengo yanayopimika. Mvuvi wa Mtongwe anayejua mahali changu wanapotagia, na mwezi gani, hana namna ya kuyaingiza maarifa hayo katika jedwali. Programu ya Ruzuku Ndogo ya UNDP imeruhusu katika nchi mbalimbali maombi yaliyorekodiwa kwa video, na uamuzi wake hufanywa na kamati ya kitaifa ambayo wengi wa wajumbe wake hawatoki serikalini. Huo ni mwendo wa haki, na wafadhili wengine wangefaa kuufuata. Kwa sasa suluhisho la kawaida ni ubia: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani au Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa anaandika, kikundi kinaeleza. Ubia huo hudumu pale tu majina ya pande zote mbili yanapokuwa juu ya andiko na juu ya ripoti.

Andiko jema huwa na swali moja. Kikundi kinachoahidi kupanda mikoko, kusafisha ufuo, kuelimisha vijana, kupambana na dawa za kulevya na kufuga nyuki kwa dola 5,000 hakiaminiki, hata kama kila neno lake ni la kweli. Aliyeandika kwamba atapanda miche ya aina mbili za mikoko, mkoko na mchu, katika kipande kimoja cha hori la Tudor, kisha ahesabu kila baada ya miezi mitatu ipi imeshika na ipi imekufa, amemwonyesha msomaji kitu anachoweza kukiona. Miche mingi hufa kwa sababu imepandwa mahali pasipoifaa: mkoko umepandwa kwenye mchanga mkavu wa juu, ambako mkandaa au mchu ungestahimili, au umepandwa chini mno ambako maji hayauachi. Kupanda hupigwa picha na magazeti. Kuhesabu baada ya mwaka mmoja hakuna anayekuja kukupiga picha, na hapo ndipo mafunzo yote yalipo.

Bajeti nayo ina desturi zake. Mfadhili hapendi kuona nusu ya fedha ikienda kwenye vikao na posho, na ana haki. Lakini mara nyingi hujisahau upande wa pili, akamtaka mvuvi alete risiti iliyochapishwa kwa kukodisha mtumbwi. Mwenye mtumbwi hana kitabu cha risiti. Vikundi vyenye uzoefu hutumia hati ya malipo yenye jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, na hulipa kwa M-Pesa ili ujumbe wa simu ubaki kuwa ushahidi. Mweka hazina anayehifadhi jumbe hizo kwa utaratibu huokoa kikundi kizima siku ya ukaguzi.

Kitu ambacho fomu za maombi karibu hazikiulizi ni upepo. Pwani hii ina miaka miwili ndani ya mwaka mmoja. Kuanzia karibu Aprili hadi Septemba ni kusi: bahari imechafuka, maji yana tope, wavuvi wadogo wanabaki ndani ya mwamba, na mtafiti wa matumbawe haoni hata mkono wake. Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji meupe. Ruzuku ya miezi kumi na miwili ambayo fedha zake zinafika Mei imepoteza karibu nusu yake kabla haijaanza, na mwenye kuipokea atabanwa kukamilisha uzamiaji wote katika miezi michache ya mwisho, wakati ripoti inadaiwa. Halafu kuna bamvua na maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Kazi ya kutembea kwa miguu kwenye mwamba au ndani ya mikoko hufanyika katika siku chache za bamvua, maji yanapopwa sana. Mikutano na wavuvi hufaa siku za maji mafu, wakiwa hawana haraka. Mtafiti aliyepanga kazi yake kwa kalenda ya ukutani hulipa petroli ya bure, na aliyeketi kwanza na nahodha huipanga kwa mwezi wa angani.

Njia ya fedha ndogo kuzaa jambo kubwa ilionekana Gazi, Kwale, safari fupi kusini mwa Likoni. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI na wanafunzi wao walikuwa wakipanda mikoko pale na kupima ukuaji wake, kwa fedha za vyanzo vingi, nyingi zikiwa ndogo. Vipimo vya miaka hiyo ndivyo vilivyowezesha kukokotoa ni hewa ya kaboni kiasi gani msitu ule unaihifadhi, na kuanzia 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ukaanza kuuza hati za kaboni kutoka hekta 117. Mapato yameingia katika maji ya kijiji na shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Vanga ikafuata njia hiyo. Watu wa hori la Tudor, ambako vikundi kama Big Ship vimekuwa vikirudisha mikoko, wana msitu mdogo zaidi na mji mkubwa zaidi unaousonga. Lakini wakitaka kufika huko watahitaji kitu kile kile: vipimo vya mahali pamoja vilivyochukuliwa kwa njia moja kwa miaka mingi, visivyokatika kila ruzuku inapokwisha.

Kukatika huko ndio udhaifu mkubwa wa mfumo huu. Mradi ukifungwa, mtafiti huenda na kompyuta yake, na takwimu huenda naye. Mfadhili anayefuata humleta mtafiti mwingine, ambaye huwauliza wavuvi wale wale maswali yale yale. Wavuvi wa pwani hii wamehojiwa mara nyingi, na swali lao la kwanza kwa mgeni mwenye karatasi huwa ni lini ataleta majibu ya yule wa mwaka jana. Wana haki ya kuuliza. Ruzuku nyingi sasa zinadai mpango wa kurudisha matokeo, na mahali pazuri pa kuyarudisha ni bandani kwa BMU, kwa Kiswahili, pamoja na picha na grafu iliyochorwa kubwa, siku ya maji mafu.

Mwisho wa ruzuku una taratibu zake pia. Sehemu ya mwisho ya fedha, mara nyingi asilimia 10 au 20, hushikiliwa mpaka ripoti ya kazi na ya hesabu zikubaliwe, kwa hiyo kikundi kinapaswa kuwa na akiba ya kumalizia kazi kabla hakijalipwa. Fedha zilizobaki hurudishwa au huombewa kibali cha matumizi mapya. Vifaa vilivyonunuliwa, kama vile miwani, mizani na kifaa cha kupimia mahali kwa setilaiti, huandikwa katika orodha na kukabidhiwa mmiliki wake kwa barua, kwa kawaida kikundi chenyewe. Nakala ya ripoti hupelekwa maktaba ya KMFRI Mkomani, ofisi ya uvuvi ya kaunti na NACOSTI, na nakala nyingine hubaki na katibu wa BMU pamoja na daftari la vipimo, ili atakayekuja na ruzuku ijayo aanzie kwenye ukurasa ulioachwa wazi.